Mwamuzi wa ndondo na pamba ya Nyanjige

NKOMA, Bariadi. Saa tisa na nusu alasiri, jua bado linachoma. Masele Mashimba amesimama kwenye njia iliyobanwa na minyaa huku na huku, mikono ameitanua kama anazuia ng'ombe wasiingie shambani. Mbele yake wapo vijana wa timu mbili, Nkoma na Bariadi mjini, na hakuna anayetaka kutangulia.

"Piteni!" anafoka. "Leo hakuna kuruka wigo. Atakayeruka, naondoka na mpira."

Mpira ni wake, kaushona mwenyewe.

Masele, 38, alikuwa mpakizi wa marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Soko la pamba lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaingia, kiwanda kikapunguza watu, naye akawamo. Timu ya kiwanda nayo ikafa. Siku hizi anaziba pancha za baiskeli, na kila Jumamosi anachezesha ndondo.

Ndondo ni mechi ya mazoezi: haina kombe, haina pointi. Neno lenyewe limetoka wapi? Hapo kila mtu ana lake. Mmoja anasema ni maji yanayodondoka, ndo, ndo, ndo, maana wachezaji hufika mmojammoja hadi timu itimie. Mwingine anaapa limeletwa na makuli kutoka Mwanza.

Masele anacheka. "Mimi nililikuta kiwandani. Zamu ikiisha unaambiwa twende ndondo, unakwenda. Ninachojua, kwenye ndondo ukipungukiwa mtu, wenzako wanakuazima wa kwao. Kwenye ligi nani atakuazima?"

Sasa uwanja wenyewe uko hatarini, na sababu inatia aibu. Njia ya kuingilia ni hii moja tu. Kila timu inaamini kamati ya ufundi ya wenzao, yaani wale wa mambo ya waganga, imeshafukia dawa njiani. Basi wanaikwepa na kukatiza kwenye pamba ya mjane Nyanjige Salu. Mechi ya mazoezi, jamani! Mnarogana mshinde nini?

"Pamba hii ndiyo sabuni, ndiyo shule ya wanangu," anasema Nyanjige, kashika mche uliovunjika. "Wao wanaogopa dawa. Mimi naogopa njaa."

Alikwenda kushitaki. Mwenyekiti wa kijiji akatamka: ukivunjika mche mmoja tena, uwanja unalimwa mtama. Leo amekuja kushuhudia mwenyewe.

Masele alishajaribu mengi. Aliwaonya, wakaitikia, wakaruka. Akaipita njia peku mbele ya macho yao; wakamwambia yeye ni mwamuzi, dawa haimhusu!

"Niliumia," anasema. "Huu uwanja ukiondoka, hawa vijana wataishia kwenye pombe. Nikasema sikubali."

Leo kaja na jipya. Hapo hapo njiani anawachanganya: nusu ya Nkoma waende upande wa Bariadi mjini, nusu ya mjini waje Nkoma.

"Haya, kama kuna aliyefukia, apite," anawaambia. "Umemroga nani? Ndugu yako yuko kule."

Januarius, nahodha wa Nkoma, anamtazama mdogo wake aliyehamishiwa kwa wageni. Anaguna, anamshika mkono kipa wa mjini, wanapita. Wengine wanafuata, mmoja macho kayafumba.

Mechi inachezwa mpaka filimbi ya mwisho, na mpaka naondoka bado wanabishana nani ameshinda. Masele hayupo kwenye ubishi huo. Yuko pembeni mwa shamba, hajafuta hata jasho, akiwatazama Nyanjige na mwenyekiti wakikagua tuta kwa tuta.

"Nikiachiwa uwanja, nitaita na timu za Maswa na Meatu," ananiambia kwa sauti ya chini. "Wote nitawachanganya. Nikiachiwa tu."

Nyanjige anatoka shambani, jembe begani.

"Mwadila, mayu," Masele anamwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila." Mama anamgeukia mwenyekiti. "Hakuna uliovunjika. Kesi yangu naifuta." Kisha anawatazama vijana, mmoja baada ya mwingine. "Lakini mliyoikanyaga mwanzo sijaisahau. Jumamosi mje na majembe, kwanza palizi, halafu mpira. Na mje mmechanganyika hivyo hivyo, mtu asije akanirogea shamba."