Mokami wa Mashine na Wimbo wa Mama Mtoni

Ukifika Genkuru ukauliza mahali pa kusaga mahindi, utaonyeshwa kibanda cha bati kilichojaa unga mpaka juu ya paa. Aliyesimama ndani, kitambaa kimemfunika pua, kope nyeupe kama za bibi wa miaka mia, ni Mokami. Usidanganyike na hizo kope, ana miaka arobaini na sita tu. Wenye adabu wanamwita Mama Precious kwa jina la binti yake wa kwanza. Wengine wanamwita Mokami wa Mashine, na kote anaitika.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa masikio. Mkanda ukilegea anausikia kabla haujaanza kunuka. Mahindi yakiwa mabichi anayajua yakiwa bado yanashuka, hata kabla hajatia mkono kwenye unga. Siku moja alizima injini katikati ya debe la mteja, akafungua mfuniko, akatoa nyundo moja, kile chuma kinachoponda mahindi humo ndani, iliyopasuka ufa mdogo kama unywele. Mteja akamwuliza, "Umeona nini, mama?" Akasema, "Sijaona. Nimesikia mmoja wao anachechemea."

Na mtu anayeshinda kwenye kelele namna hiyo, akifika nyumbani utadhani anataka kimya. Mokami anataka gitaa.

Hilo alilipata kwa baba yake, mzee Heche, ambaye alikuwa na redio ya kaseti wakati nyumba nyingi hapo kijijini hazikuwa nayo. Kaseti zilikuja kupitia mpakani Sirari, nyingine zikiwa zimerekodiwa juu ya nyingine, karatasi za majina zimefutika. Nyimbo nyingi zilikuwa za Kikongo. Mzee Heche alizipiga jioni watoto wamemzunguka, na kila wimbo aliueleza maana yake. Huu, anawaambia, ni wa mtu aliyefukuzwa kwao. Ule ni wa ng'ombe aliyepotea. Lakini aliopenda Mokami kuliko zote ulikuwa wimbo mmoja mrefu, dakika tisa nzima, wenye mwanamume anayeimba kwa sauti ya kulia. "Hapa," mzee alisema, "kuna mtoto kavuka mto kufuata ng'ombe, mto umejaa. Mama yake yuko ukingoni anamwita." Halafu wimbo ukifika katikati alikuwa anainua kidole: "Sasa! Sasa ameliona shati lake ng'ambo!" Na watoto wote walipumua.

Miaka ikapita, kaseti zikahamia kwenye memori kadi, na Mokami akapata simu ya kuingia WhatsApp. Mteja mmoja akamwunga kwenye kundi linaitwa Wapenzi wa Gitaa. Ni watu sitini hivi, wa Mugumu, Tarime mjini, Nyakunguru na vijiji vya katikati, wengi wao hawajawahi kuonana. Utaratibu wao ni huu: kila Ijumaa mtu mmoja anatuma wimbo, na anatuma na sauti yake akieleza kwa nini anaupenda. Hakuna kutuma wimbo bila neno.

Zamu ya Mokami ilipofika alituma wimbo wa yule mama, akausimulia kama alivyousikia kwa baba yake, injini ikinguruma nyuma. Watu wakalia. Nasema kweli, watu wazima. Kundi likaupa jina, Wimbo wa Mama Mtoni, na tangu hapo, zamu yake ikifika, watu wanaacha kazi. Miaka miwili mizima ikaenda hivyo.

Basi mwaka huu redio moja ya jamii pale Mugumu ikalipatia kundi lile saa moja ya hewani kila Jumamosi mchana, kipindi cha nyimbo za zamani. Anatakiwa mtu mmoja wa kuketi kwenye kiti na kuzungumza. Mwenyekiti wa kundi, Mwalimu Kornelio, mstaafu mwenye kupenda taratibu, akatangaza kwamba watakutana ana kwa ana Mugumu, wachague. Kila mtu alikuwa anajua atakayechaguliwa. Mokami naye alikuwa anajua. Alikitaka kile kiti kwa moyo wote; alishaanza kuzungumza na magunia ya mahindi kana kwamba ni wasikilizaji.

Wiki mbili kabla ya mkutano akaingizwa kundini Hamim, muuza vitambaa wa Mugumu. Hamim aliishi Lubumbashi miaka tisa akifanya biashara. Akausikiliza Wimbo wa Mama Mtoni na maelezo yake, kisha akatuma sauti, kwa upole kabisa.

"Dada yangu Mama Precious, sauti yako tamu. Ila samahani, Kilingala nakijua. Hapo hakuna mama, hakuna mto. Huyo bwana anamlilia fundi cherehani. Alipeleka kitambaa, kesho anaoa, suti haijashonwa. Anasema, fundi umenimaliza."

 Halafu Lilian, msusi wa Tarime mjini, asiyeweza kuacha kitu kipite, akaandika: "Kwa hiyo nililia kwa sababu ya SUTI?"

Ndipo zikaanza. Picha za suti. Picha za cherehani. Mmoja akatuma picha ya mto Mara umejaa, akaandika chini yake, "Fundi yuko ng'ambo." Mokami aliiweka simu juu ya gunia, ikawa inatetemeka yenyewe mpaka ikaanguka. Kabla ya jua kuzama Hamim alikuwa amependekezwa kugombea kile kiti, na watu zaidi ya ishirini wamemuunga mkono.

Kesho yake Mokami alikwenda kwa baba yake. Mzee Heche alikuwa nje anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Mbona umekuja bila unga?"

"Tata, ule wimbo wa mama na mto. Ulijuaje maneno yake?"

"Maneno yapi?"

"Ya Kikongo."

"Mimi nilijifunzia wapi Kikongo?" Mzee akaendelea kupukuchua. "Sijui hata neno moja."

"Sasa kwa nini ulitwambia?"

"Wewe ulikuwa unauliza sana. Ningekwambia sijui, ungeniacha nimalize wimbo?"

Mokami alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwuliza, "Na ile 'sasa', ya shati, uliitoa wapi?"

Mzee akasimamisha mikono. "Ile sikuitunga. Pale kuna kitu kinatokea. Sikujua ni kitu gani, nikaweka shati."

Neno hilo likaondoka naye. Akafika kibandani mchana, hakuwasha mashine, akawaambia wateja wasubiri kidogo, akavaa spika za masikioni, akausikiliza wimbo. Na hebu fikiri: ilikuwa mara ya kwanza anausikiliza bila mama, bila mto. Miaka yote hadithi ilikuwa imekaa mbele, muziki umekaa nyuma. Sasa hadithi imeondolewa. Akausikiliza kama anavyoisikiliza injini, kila chuma peke yake. Solo. Besi. Ngoma. Lile gitaa la pili, la rizimu, linalokata mboga pole pole huko nyuma.

Dakika ya tano akaruka kama aliyeguswa na umeme. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena, na tena. Mteja mmoja akapaza sauti, "Mama Precious, tunasaga hapa au tukasage Nyakunguru?" Akamwinulia mkono anyamaze.

Jumamosi ya mkutano alivuka Mto Mara kwa pikipiki, spika yake ndogo amefungia kwenye kanga. Walikutana uani kwa mama lishe mmoja nyuma ya soko la Mugumu, watu arobaini na kitu, wakitazamana kwa mshangao jinsi sauti zisivyofanana na sura. Lilian alikuwa wa kwanza kumwona.

"Karibu, Mama Mtoni! Umevuka salama? Fundi hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu, anasema kitambaa chako hakitoshi," Mokami akajibu, maana Lilian ni mnene wa kutosha. Uwanja ukacheka, Lilian akicheka kuliko wote, akamvutia kiti.

Mwalimu Kornelio akatoa taratibu. Kila mgombea ataleta wimbo mmoja na kuuzungumzia. Kisha watu watajipanga nyuma ya wanayemtaka. Hamim akatangulia. Alikuwa amevaa kanzu safi, na alizungumza vizuri, ni lazima tuseme. Alileta wimbo wa Kikongo, akautafsiri mstari kwa mstari, watu wakatikisa vichwa kwa kuelewa kitu walichokicheza ujana wao wote bila kukielewa. Wakampigia makofi marefu.

Mokami akasimama. Watu walitegemea alete wimbo wa Kiswahili, ajifiche humo.

"Nimeleta uleule," akasema.

Kelele zikapanda. "Suti! Suti!"

"Ndiyo, wa suti. Miaka miwili nimewapa maneno ambayo hayamo. Sikujua, lakini niliyewapa ni mimi, naomba msamaha. Maneno ni kama alivyosema ndugu Hamim. Mimi leo sina neno hata moja la kuwapa. Nawaomba masikio tu. Dakika ya tano, msimsikilize mwimbaji. Msisikilize solo. Shikeni lile gitaa la nyuma, mlifuate hilo tu."

Akawasha. Watu wakainama. Mwimbaji akamlilia fundi wake, gitaa la nyuma likaenda zake, na mara, tiing! Kitu kidogo, kama kijiko kimedondoka jikoni. Mokami akazima.

"Mmesikia?"

Wachache wakasema ndiyo. Wengi walitazamana.

"Uzi umekatika. Yule wa rizimu amekatikiwa na uzi wakiwa katikati ya kurekodi. Ule mnene. Sasa sikilizeni wenzake wanamfanyia nini."

Akawasha tena. Gitaa la nyuma likachechemea hatua mbili, tatu, kama mtu aliyejikwaa amebeba ndoo. Besi, lililokuwa limelala chini wimbo mzima, likapanda juu kuziba pengo. Mpiga ngoma akaongeza nguvu. Na hapo rizimu likarudi, jembamba, huko juu kabisa, kwa nyuzi zilizobaki, likicheza kitu kingine ambacho halikuwa limekicheza tangu mwanzo. Wimbo ukapaa. Ni pale pale ambapo kila mtu, tangu ujana wake, husimama kucheza.

"Hashuki tena mpaka mwisho," Mokami akasema juu ya muziki. "Hana cha kushukia. Na hakuna aliyesimama."

Hamim akanyoosha mkono. "Mama Precious, kwa heshima. Kaseti zile zilikwaruzika sana. Huenda ni kaseti."

"Kaseti ikikwaruzika vinaumia vyote pamoja, sauti, ngoma, kila kitu. Mashine ikikosa mafuta inalia nzima. Nyundo moja ikivunjika, inalia mahali pamoja." Akamnyooshea spika. "Lakini wewe si unao wako, ulioutoa hukohuko Lubumbashi? Tupigie."

Hamim akaunganisha simu yake. Uwanja mzima ukasogea karibu, hata mama lishe akatoka na mwiko mkononi. Dakika ya nne ikapita. Hamim amefumba macho.

Tiing!

Nakwambia, pale paliripuka. Watu waliruka kama timu yao imefunga. Lilian alimkumbatia mtu asiyemjua. Mwalimu Kornelio, mpenda taratibu, alipiga kelele, "Rudisha! Rudisha!" na ikarudishwa mara nne, na kila mara wakaishangilia kama mpya.

Hamim alifumbua macho. "Miaka thelathini," akasema. "Wallahi, miaka thelathini naucheza wimbo huu, najua kila neno. Sijawahi kumsikia huyu mtu."

Mwalimu akaamuru watu wajipange. Mokami kushoto, Hamim kulia. Mstari wa Mokami ukaanza kurefuka, ukafika kwenye mafiga, ukakunja kona. Kulia walisimama watu watatu waliokuja na Hamim kutoka dukani kwake. Hamim akawageukia, akawaambia kitu, wote wanne wakavuka uwanja. Nyuma ya Hamim hakubaki mtu, hata Hamim mwenyewe.

"Taratibu hazijasema mgombea anaweza kujipanga," Mwalimu akalalamika.

"Hazijakataa pia," Hamim akamjibu, akachukua nafasi yake mwisho wa mstari.

Siku hizi mlangoni pa mashine ya Genkuru pameandikwa kwa chaki: JUMAMOSI TUNAFUNGA SAA NNE. MWENYE HARAKA ASAGE IJUMAA. Na redioni Mokami haketi peke yake. Alimtaka Hamim awe pembeni, ampe maneno, yeye atafute yaliyo chini ya maneno. Mzee Heche anasikiliza nyumbani kwake, na anabishana na Hamim kwa sauti kubwa kana kwamba anasikika.

Kipindi cha pili, simu iliyotangulia ilitoka Nyakunguru. Mwanamke, ana kiwewe cha furaha, anaongea mbio mbio.

"Mama, ule wimbo wenu wa Jumamosi iliyopita, nimeurudia wiki nzima. Dakika ya tatu, pale waimbaji wanaponyamaza. Mpiga ngoma anapiga chafya!"

Mokami akacheka mpaka kipaza sauti kikakoroma.

"Subiri hapohapo, dada, usikate," akasema. "Ndugu Hamim, rudisha nyuma. Tusikilize wote."