Nafasi ya Maoni Kwenye Fomu

Miaka ya sabini nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya serikali upande wa Kibwezi, na mpaka leo nikiona fomu yenye nafasi tupu, moyo hunishtuka.

Tangazo lilikuja kiangazi kikianza. Nililibandika mlangoni kwa mikono yangu. Lilisema serikali inapendekeza kukataza kilimo ndani ya hatua thelathini kutoka mtoni, ili kingo zisimomonyoke. Mwenye maoni ayatoe kwenye baraza litakaloitishwa.

Mama yangu alikuwa na shamba pale pale ukingoni. Halikuwa kubwa, lakini lilikuwa na nduma, ndizi na sukuma, na mvua ilipokataa kule juu kwenye mahindi, ndilo lililotulisha. Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea tangazo lote.

"Niandikie barua," akasema. "Waambie nimepanda majani ya nepia ukingoni kushika udongo. Waje waone kwanza, ndio wakate shauri."

"Ngoja baraza, mwaitu," nikamjibu, kwa neno letu la kumwita mama. "Utasema mwenyewe. Watakusikia zaidi."

Ukweli ni kwamba niliogopa mkubwa wangu ofisini aone mwandiko wangu kwenye barua ya kupinga serikali. Nilikuwa mwoga, basi. Sina neno zuri zaidi la kujisitiri.

Kwetu mgeni hapokewi kimya, hata akiwa amekuja na habari mbaya. Siku ya baraza akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kulimiana mashamba kwa zamu, walisimama juani tangu asubuhi, na mwimbishaji wao alikuwa mama. Gari la mgeni kutoka wilayani lilipofika saa nane, alianzisha wimbo, wenzake wakaitikia, mabega yakatikisika, vigelegele vikapaa. Mgeni akafurahi mno. Akaomba wimbo wa pili, kisha wa tatu. Ndipo akasoma masharti mbio mbio, akatazama saa, akasema ana baraza jingine mbele na anataka ripoti aondoke nayo.

Mama alikuwa amenyoosha mkono. Hakuna aliyemwita.

Kwenye fomu ya ripoti, ambayo kuijaza ilikuwa kazi yangu, palikuwa na sehemu ya maoni ya wananchi. Fomu yenye pengo ilikuwa ikirudishwa ofisini pamoja na karipio, na mgeni alikuwa amesimama begani mwangu. Nikaandika: "Wananchi walimpokea mgeni kwa nyimbo na vigelegele." Kila neno lilikuwa kweli. Mama aliniona nikiandika, akashusha mkono wake. Aliamini naandika maneno yake, kwa kuwa alikuwa amenipa tangu siku ile ya tangazo.

Baada ya miezi michache sheria ilipita. Barua iliyokuja nayo ilisema wananchi wa kwetu waliipokea kwa shangwe. Askari walikata migomba yote kwa siku moja, wakang'oa nduma, na nepia wakaing'oa pia, maana hakuna aliyewaambia ni ya nini.

"Uliwaambia habari ya nepia?" mama akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. Nikamsomea nilichoandika.

"Wimbo ulikuwa wa mgeni," akasema. "Shamba hukuliandika."

Hakunifokea, na ningeshukuru kama angenifokea. Kiangazi kile alinunua mboga sokoni kama mtu asiye na jembe, na mimi nilikula nikiona haya kila tonge.

Mwaka uliofuata likaja pendekezo la kuzuia mbuzi wasilishwe mlimani, na baraza likaitishwa. Gari la mgeni likasimama. Akina mama wa mwethya walikuwa pale pale juani, wamenyamaza. Mkubwa wangu akawapungia mkono waanze, akapunga tena. Mgeni akabaki ameshika mlango wa gari, hajui aweke uso wapi.

Mama akatoka mstarini, akaja moja kwa moja mpaka kwenye meza nilipokaa na fomu.

"Andika kwanza," akasema. "Tutaimba baadaye."

Akasema habari ya mbuzi, polepole, na baada yake wakaja wenzake mmoja mmoja. Nilipomaliza, mama aliinama juu ya karatasi, akautazama wino ambao hakuweza kuusoma.

"Sasa nisomee," akaniambia. "Kwa sauti, na mgeni asikie."