Mikole ya Bibi Mpakani

Juzi nimerudi Lalago, na kabla hata salamu yangu ya "mwangaluka" haijaitikiwa, baba mdogo akanivuta shambani nikaone maboga yake. Madogo kama kidole gumba, ya njano, yanaoza na ua bado limening'inia kwenye ncha. Anasema amepigwa, eti mbegu za dukani ni feki. Mimi macho yangu yalikuwa mpakani mwa shamba. Kweupe! Mikole yote ya bibi imeng'olewa ili ipatikane mistari miwili ya pamba.

Ndugu yangu, hasira zilinipanda.

Mkole, kama huujui, ni kichaka cha pori chenye vitunda vitamu, kokwa kubwa nyama kiduchu. Mbuzi walikula vitunda hivyo, kole, porini, usiku wakicheua wakatema kokwa zizini, na asubuhi bibi alitukabidhi fagio. Tulizichambua kwenye mavi huku tukitaniana nani ananuka zaidi, tukazipanda mpakani. Msimu wa kwanza tuliimwagilia miche maji ya kunawia miguu. Baada ya hapo jua liwake litakavyo, mkole haukumwomba mtu kitu. Pori zima likiwa limekauka, wenyewe ulijaa maua ya njano, na nyuki tuliwasikia mpaka jikoni.

"Mwanawane, walisheni hawa nyuki sasa," bibi alisema, "ili maboga yakitoa maua wawe hapa hapa."

Na ole wake aliyegusa bomba la kupulizia pamba dawa kabla nyuki hawajarudi kulala! Hata babu alifokewa. Baba mdogo anayajua haya yote. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumega boga la moto na maziwa mgando, wengine hata hatujanawa.

Leo anapulizia dawa saa sita mchana, halafu ananiuliza maboga yana nini! Nikamwambia wazi: hayana nyuki, na nyuki umewafukuza wewe. Akacheka. "Watu wa mjini nao! Haya, si upande mikole mingine."

Nikachukua fagio, nikaingia zizini. Nilifagia lote, nikachambua kwa vidole kama zamani, yeye akiwa mlangoni anacheka. Kisha akaingia, akainama naye.

Hakuna kokwa hata moja. Porini nako wamefyeka wakalima, mbuzi wangezitoa wapi? Mavi matupu, ndugu yangu, na watu wazima wawili tumechutama tunayachambua.