Benta na Gari Lililokuwa Likisikia Baridi

Mkiniuliza fundi ni nani hapa Migori, nitawaambia ni Benta, na asiyekubali aje dukani kwangu tubishane. Mimi ni Sainab, muuza vipuri. Nilizaliwa Mombasa nikaolewa huku, na mafundi wa mji huu nawajua wote kwa sura na kwa uongo wao. Benta alitoka Rangwe akiwa msichana, mwembamba lakini ana mdomo, akaingia kwa Mzee Omwenga kujifunza kazi. Wanaume walimcheka. Yeye akawajibu, "Chekeni tu, gari zenu zitakuja." Na kweli zilikuja.

Kazi zake ni nyingi, lakini mimi nitawapa ile ya Peugeot letu.

Lilikuwa 404 la rangi ya maziwa, gari la baba mkwe wangu, Mzee Abdirahim, Mungu amrehemu. Ndilo lililonileta mji huu nikiwa bibi harusi, hina bado mbichi mkononi. Mzee alikuwa na kisa chake kimoja: zamani, akivuka Kisii na mvua, gari hilo lilikuwa likimpasha miguu joto. Sisi tulikuwa tukikonyezana tu. Vile vitundu vya chini ya dashibodi mimi sikuwahi kuona vikitoa kitu ila vumbi.

Mzee alipofariki, mume wangu Suleman alirithi gari, na majivuno juu yake. "Gari la baba halichemki!" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Anagonga kioo cha geji kwa kidole: "Tazama! Nimetoka Homa Bay na jua la mchana, mshale umelala pale chini." Watu wakamwonea wivu, na mimi nikajisikia mke wa mtu.

Basi mwaka wa tisini na sita likaanza visa. Linakunywa petroli kama halina huruma, moshi mweusi, kilima kidogo tu linakohoa, na choki, ile ya kuamshia injini asubuhi, lazima ivutwe safari nzima. Fundi wa kwanza alifungua kifuniko cha oili akakuta utando mweupe mzito kama uji. Akashika kiuno. "Maji yameingia kwenye oili. Injini imepasuka." Wa pili akasema yale yale. Na injini ya 404, hata mimi mwenye duka sikujua pa kuitafuta.

Suleman akamwendea mnunuzi wa vyuma vikuukuu kule Kisii, akampa neno lake: Jumamosi asubuhi nakuletea. Aliporudi hakugusa chakula.

"Baba Hadiya," nikamwambia, "gari la baba yako unawapa watu walikatekate?"

"Unataka nifanyeje, Sainab? Life hapo mlangoni nikilitazama?"

Nilimwonea huruma, lakini hasira nilikuwa nayo zaidi. Alhamisi, alipokwenda msikitini kuswali adhuhuri, nilichukua ufunguo nikaliendesha mwenyewe, likikohoa njia nzima, hadi kwa Benta.

Benta hakukimbilia spana. Aliliacha kwanza lipoe. Kisha akavuta kijiti cha kupimia oili, akaipaka kidoleni: nyeusi, safi, haina maji. Akafungua rejeta: maji yamejaa, hakuna tone la mafuta. Akawasha injini, akatazama kama kuna mapovu. Hakuna. Akaweka kiganja juu ya ule mpira wa juu unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta, akatulia. Mara akaguna.

"Mama Hadiya, hebu shika hapa."

Nikashika. Uvuguvugu.

"Injini imewaka sasa hivi tu. Huu mpira ulipaswa kukaa baridi hadi injini ishike moto sawasawa, ndipo maji yafunguliwe yapite. Haya yanapita tangu mwanzo. Hakuna mlango hapa."

"Na ule uji?"

"Jasho hilo. Si unaona kifuniko cha sufuria kinavyolowa kwa ndani? Injini hii haipati moto wa kukausha jasho lake, basi linachanganyika na oili hapo juu. Ilipokuwa changa ilivumilia; sasa imezeeka, bila choki inakohoa, na choki ndiyo inayomaliza petroli na kutoa moshi. Yawa! Gari inasikia baridi miaka yote hii, na nyinyi mnashangilia!"

Nilicheka hadi nikakalia tairi. Majivuno yote yale ya Suleman, kumbe tulikuwa tukijisifia ugonjwa!

Akafungua pale mpira unapoungana na injini. Patupu. Themostati, yaani kile kilango cha maji, haikuwepo, na Benta alijua ilipo. Mzee Omwenga alikuwa na desturi yake: gari likija kwake mara ya kwanza, anang'oa themostati kabla ya kuuliza linaumwa nini. "Hicho ni kitu cha nchi za theluji," husema. "Huku kuna jua." Alizitunga zote kwenye waya mmoja, kama samaki wa kuuza, akautundika juu ya meza yake. Kila moja ilikuwa gari lisilochemka, na wateja wapya huonyeshwa waya huo kabla ya kupewa kiti. Mafundi wote waliopita mikononi mwake wanafanya vivyo hivyo.

Tukamfuata kwake. Benta akamweleza yote.

"Umekuja kunifundisha kazi?" mzee akauliza.

"Nimekuja kuchemsha maji tu, Mzee. Nipe ya Abdirahim."

Omwenga alinitazama, kisha akanyoosha mkono kwenye waya. "Ni ile ya chini kabisa. Ndiyo ya kwanza niliyoing'oa. Abdirahim alinibishia siku nzima, akisema gari linampendeza vile lilivyo. Nikamshinda."

Benta aliazima sufuria hotelini, akabandika maji motoni, akaitumbukiza themostati humo. Maji yakapata joto, kitu kimefunga. Yakaanza kutoa moshi, bado. Nikainama juu ya sufuria. Kisha, polepole, kilango kikaachana na ukingo wake, kikafunguka chote. Akakitia kwenye maji baridi, kikajifunga.

Mzee Omwenga aliinuka. Halafu akaushusha waya mzima akamtundika Benta begani. "Nenda nazo. Wenyewe watakuja kwako." Waya huo leo uko mlangoni kwa Benta, na umebaki na chache sana.

Siku hiyo hiyo Benta alikirudisha kilango chetu mahali pake, lakini Suleman hakutaka kusikia. "Mafundi wawili wamesema imepasuka. Na neno nimeshatoa." Jumamosi akaingia garini, na mimi nikaingia kando yake, mikono kifuani.

Tulikuwa bado hatujautoka mji vizuri. Mshale ukainuka. Suleman akaruka. "Linachemka! Gari la baba linachemka!"

"Endesha!" nikafoka. Benta alikuwa amenionya. "Utasimama katikati. Endesha!"

Ukasimama katikati. Suleman akasukuma choki ndani, akingoja likohoe. Halikukohoa. Kilima cha kwanza likakipanda, na cha pili, bila moshi. Tulipopita Rongo mvua ikaanza, na baridi. Karibu na Suneka Suleman akainamisha kichwa ghafla kutazama chini, akasimamisha gari kando ya barabara.

"Sainab. Miguu yangu."

Alivua viatu, akaisogeza kwenye vile vitundu. Nami nikaweka mkono. Hewa ilikuwa ya moto.

"Alikuwa anasema kweli," akasema, na machozi yakamtoka mtu mzima yule. "Mzee wa watu alikuwa anasema kweli, nasi tukamwona kachoka akili."

Kisii tulifika, kwa sababu neno ni neno. Mnunuzi alitoka na mwavuli, akalizunguka gari akigonga mabati. Suleman hakuzima injini. Aliteremsha kioo akamwambia, "Samahani sana, bwana. Baba amekataa."