Bundi wa Athene katika Bakuli la Chumvi

Chekeni taratibu, wasomaji wangu, maana hii kazi bado naihitaji.

Ninamtunza papa mmoja, mzee wa Kizungu, huku ughaibuni Koekelberg, mgonjwa wa kifua mwenye roho safi. Juzi binti yake, Madame Claire, alimletea zawadi: sarafu ya fedha ya Athene ya kale, yenye bundi aliyekodoa macho. Madame alieleza historia yote. Mimi niliyeacha shule mapema nilimwona bundi tu. Kesho yake papa akakohoa mpaka nikalia, nikampigia shangazi yangu.

"Mutoto, bundi mu nyumba ya mugonjwa? Alors, tia mu chumvi, uombe, utaje na jina ya ule alileta!"

Bon, nikaizika sarafu katika bakuli la chumvi jikoni, nikafumba macho, nikaomba kwa Kiswahili ili wenyeji wasielewe: "Toka, bundi! Mungu, mfunge huyu mlozi Claire, anataka urithi wa baba yake!"

Nilipofumbua macho, Madame Claire alikuwa mlangoni na boksi la keki.

"Mama alinizaa Lubumbashi," akasema kwa Kiswahili kitamu kuliko changu. "Mulozi ana njaa. Utamukatia keki, ao utamufunga kwanza?"