Jante Ambayo Sikuigonga

Ningesema hapana. Ningesema betri imekufa, au petroli imekwisha, au kichwa kinaniuma. Wazee wenzangu wangenicheka kidogo, tungemaliza chai, wangeenda zao. Lakini walinitaka niwashe injini, nami nikawasha.

Motokari yenyewe ilikuwa nyekundu, ya mbio, imelala chini kiasi kwamba barabara zetu za Kolwezi, hapa Kongo, zingeikwangua tumbo siku ya kwanza. Iliachwa na Mzungu mmoja, mhandisi wa mgodi, ambaye nilikuwa dereva wake. Alipokimbia nchi alinipa ufunguo akasema nimtunzie. Hakurudi. Mimi nikaitunza kuliko nilivyowahi kumtunza mtu. Haikutembea, ilinguruma tu. Kila Jumapili baada ya misa, wazee wenzangu watatu walikuwa wakija garajini kwangu, tukafungua boneti, nikaiwasha, tukasikiliza kimya kama watu walioletewa kwaya.

Hawakujua kilichokuwa chini ya miguu yao.

Katika mtaa wetu watu huchimba kobalti, mawe ya kutengenezea betri, chini ya nyumba zao wenyewe, mlango umefungwa, kwa sababu imekatazwa. Mdogo wangu, aliyeishi kwangu pamoja na mke wake, alifungua shimo katika stoo nyuma ya garaji, na njia yake ikapita chini ya sakafu mpaka karibu na magurudumu ya ile motokari. Nilikubali mwenyewe. Pensheni yangu ilikuwa hadithi. Mawe yale ndiyo yaliyotulisha. Tulikuwa na sheria moja tu. Mdomoni mwa shimo, kando ya kamba yake ya kupandia, nilitundika jante ya lori, ringi tupu ya chuma isiyo na tairi. Kabla ya kuwasha injini niigonge mara tatu kwa nyundo, naye apande, akae nje mpaka hewa isafike. Moshi wa injini ukiingia shimoni, aliye chini hana dirisha.

Jumapili hakuwa akichimba. Jumapili ile moja alikuwa amefikia mawe mazuri, akaacha misa akashuka.

“Yaya, leo usiwashe,” aliniambia; yaya kwetu ni kaka mkubwa. “Ao kama unawasha, gonga kwanza.”

Nikamjibu nimesikia.

Wenzangu walifika na ghadhabu. Mmoja, karani mstaafu wa shule, alitoa simu yake akaniita tata, kama tunavyoitana wazee.

“Tata, angalia. Bale benye kutengenezaka motokari yako, sasa banatengeneza jeep. Na mule ndani banatia mabatri, inatembea na umeme tu.”

Mwendesha treni wa zamani, mtu wa Mutshatsha, mji ulio kwenye reli yetu, aliichukua simu akaitazama kwa mbali, kama anayeonyeshwa maiti.

“Motokari ya mbio inapanda juu sawa kamio, lori ya makala ya moto! Benyewe ba zamani balikufa. Hawa bengine banavaa tu manguo yabo.”

“Banasema inaanza bila sauti. Hausikie kitu,” akasema karani.

“Kitu ya kutembea bila sauti ni muzimu. Ao mwizi.”

Tulicheka. Wa tatu, muuza matairi, ambaye husema kidogo, akasema, “Lakini ni majiwe yetu iko mule ndani. Bila Kolwezi haitembee hata hatua moja.” Kisha akanigeukia. “Weye, tata, unaweza kuchimbia bale bantu?”

“Mi?” nikasema. “Afadhali nikule udongo.”

Walinipigia makofi. Mdogo wangu alikuwa chini yetu wakati huo, anachimba.

“Basi washa yako,” akasema mwendesha treni. “Tusikie mutu muzima anasema.”

Nilitazama mlango wa stoo. Ilikuwa hatua sita. Lakini jante ikilia wangeuliza ni nini, na mdogo wangu angetoka amejaa vumbi mbele yao, dakika moja baada ya kiapo changu cha udongo. Nikajiambia: muda mfupi tu. Nikazungusha ufunguo.

Injini ilinguruma vizuri kuliko siku zote. Moshi ulikuwa ukitoka kuelekea stoo, niliuona. “Bakae na jeep yabo kule ku Bulaya!” karani akapiga kelele, nami nikakanyaga mafuta zaidi, kwa sababu ya kelele hizo. Nilipozima, bado sikwenda. Nilimimina chai. Nilisubiri mpaka wa mwisho akavuka lango, jua likiwa katikati ya mbingu, ndipo nikashika nyundo nikaigonga ile jante mara tatu. Nikagonga tena. Kamba haikutikisika.

Majirani walimtoa. Hakuwa na jeraha hata moja. Mke wake alinitazama, akauliza, “Uligonga?” Nikaiweka nyundo chini. Alirudi kwao, na salamu zangu haziitikii.

Siku hizi tajiri mmoja wa mtaa wetu ameleta jeep ile ile. Hupita mbele ya nyumba yangu mchana, na kweli husikii injini. Unasikia tu changarawe zikikwaruza chini ya matairi, polepole, kama mtu anayekwangua mwamba chini ya sakafu. Kila mara mimi hugeuka kutazama mlango wa stoo. Shimo nimelifukia mwenyewe. Jante bado imetundikwa; sijathubutu kuishusha wala kuigusa. Motokari nyekundu haijawashwa tena, na wale wenzangu watatu hawaji.

Niliwasha injini ili wazee watatu wasinicheke. Nilijua mdogo wangu yuko chini. Alikufa kwa moshi wangu.