Vyama Viwili vya Hapsikodi, Matrah

Blanketi la sufu lililotundikwa dirishani katika joto la Matrah hunuka kondoo, na mpaka leo nikiinusa harufu hiyo masikio yangu husubiri muziki. Tulikuwa na mwaka mmoja tu tangu tutoke Unguja kuja Oman baada ya mapinduzi. Muziki wa kusikika njiani haukuruhusiwa Maskati siku hizo, basi Ami Nasor, mdogo wake baba, alipotuletea gramafoni na sahani mbili za santuri kutoka Bahrain, tuliziba dirisha kwanza ndipo tukashusha sindano. Zilikuwa koncheto za Baroko, muziki wa kale wa Ulaya, moja ya Mjerumani, nyingine ya Mwingereza: hapsikodi, kinanda ambacho ukikibonyeza nyuzi zake hudonolewa ndani, ikijibizana na kundi la fidla.

“Kanuni hiyo!” alisema Bibi. “Ila mpigaji ana haraka kama kaacha chungu motoni.”

Baba alikuwa mpiga kanuni, kile kinanda cha nyuzi cha taarabu, tena wa sifa huko kwetu. Kanuni yake ilibaki Unguja, na tangu tufike hakupiga hata mluzi. Tulipokuwa tukisikiliza, yeye alikaa ukumbini na kahawa yake, ametupa mgongo. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: Baba aingie chumbani.

Unguja kila mtu alikuwa na chama chake cha taarabu na maneno ya kukirushia chama kingine, kwa hiyo nasi tukagawana. Bibi na Ami wakamchukua Mjerumani, mama na mimi Mwingereza.

“Fidla zenu zinasinzia, mkaza mwanangu,” Bibi alianza.

“Hazisinzii, mama, zina adabu,” mama yangu akamjibu. “Kanuni yenu inabwata peke yake kama dalali.”

Nilikuwa na miaka tisa na sikio kali kuliko wote mle ndani, nalisema bila haya. Nilijua vizuri nani alimwongoza nani katika sahani ile. Nikageukia mlango nikapaza sauti: “Kwa Mjerumani kanuni inafuata fidla tu!”

“Nani kasema?” Baba alikuwa keshasimama kizingitini. “Inafuata wapi? Rudisha sindano!” Akaketi mkekani. Vidole vyake viwili vya shahada vikaanza kudonoa goti. “Haya, sikiliza. Fidla zote kimya, zinamngoja yeye. Huyu ndiye mwenye chama.”

“Umeshindwa, bibi mdogo,” Bibi akanicheka.

“Nimeshinda,” nikasema, na mama alinielewa.

Nchi ilipofunguka na muziki ukaruhusiwa, Baba aliagiza kanuni Misri. Mimi nilikwenda Uingereza, nikarudi na diploma ya ufundi wa sauti, na chumba changu cha kurekodia hapa Azaiba, Maskati, nimekijenga kwa jasho langu, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo nazisikia koncheto zilezile kila unyuzi mahali pake, safi kuliko Matrah mara mia, lakini kwa miaka mingi nilizisikiliza peke yangu, bila wa kunipinga. Ijumaa iliyopita nikawaita wajukuu, nikawagawa vyama viwili. Yule mdogo kabisa, mwenye Kiswahili kilichojaa Kiarabu, akanitazama na kunyanyua kidevu: “Bibi, chama chako khalas, kimekwisha!”

Sijatukanwa vizuri hivyo kwa miaka mingi.